Bi Asilimia Hasaini

Nyumba ya Mkuu wa Shule,
Nyuma ya Maabara ya Kemia.
Jumapili, tarehe 14 Septemba

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Goti vipi? Na usinijibu kwamba linaendelea vizuri, maana ukisema hivyo najua unapanda ngazi umeshikilia ukuta. Yale mafuta ya kuchua niliyokuletea yamekwisha, au umewagawia majirani kama kawaida yako? Na Shemeji je, ameacha kubishana na redio? Mimi ni mzima. Presha imetulia hata daktari kashangaa, kwa sababu ninayopitia huku si mambo ya kutuliza presha ya mtu.

Barua yako niliipata Jumanne, nikaisoma mara mbili nimesimama. Umeniandikia kama mkubwa wangu: nijishushe, nisaini wanachotaka, yaishe, nimebakiza miaka mitatu tu nistaafu. Asante, Dada, nimekusikia. Sisaini ng'o.

Nahisi habari zilikufikia nusu nusu, tena zimetiwa chumvi. Ngoja nikueleze mwenyewe, usije ukadhani mdogo wako amechanganyikiwa.

Shule yetu unaijua. Watoto wa mataifa thelathini na moja, bwawa la kuogelea, bendera zimejaa ukumbini mpaka hujui uangalie ipi. Getini kulikuwa na bango pana kuliko geti lenyewe: ASILIMIA MIA, MIAKA TISA MFULULIZO. Yaani kila anayefanya mtihani wa mwisho kwetu anafaulu. Bango lile lilikuwa kazi yangu. Walimu wakinisengenya chumbani kwao huniita Bi Asilimia, wanadhani sijui. Nilijua, na nakwambia ukweli, nililipenda jina hilo.

Sasa nikwambie asilimia mia inavyopikwa. Mwezi wa pili kuna mtihani wa majaribio. Matokeo yakitoka tunajifungia ofisini, mimi, makamu wangu na mwalimu wa taaluma, tunapitia majina kwa kalamu nyekundu. Mtoto anayeyumba tunamwita na wazazi wake. Tunawapa chai, tunawaambia kwa sauti laini kwamba mtoto hajawa tayari, asubiri mwaka, au akafanyie kwingine kama mtahiniwa wa kujitegemea. Orodha ya watahiniwa inapopelekwa, jina lake halimo. Tunaita kusafisha orodha. Wa kufeli tumeshamtoa, basi hafeli mtu. Umeuona ujanja?

Mwaka huu walioyumba walikuwa watatu. Binti wa mpishi wetu, anayesoma kwa nafasi ya watumishi. Msichana aliyetufikia katikati ya masomo, hajui hata neno moja la lugha tunayofundishia. Na golikipa wetu, jitu refu, daftari lake la fizikia jeupe pee kwa sababu hajawahi kuliandika. Makamu akanisogezea kalamu. Nikamwambia airudishe mfukoni, tunapeleka wote sitini na wawili. Alinitazama utadhani nimevua viatu nikavipanga juu ya meza.

Tukachapa kazi. Kila Jumamosi asubuhi wale watatu walikuwa maktaba na walimu wao, na golikipa nilimfuata mwenyewe uwanjani nikamtoa golini nimemshika mkono. Mwezi wa nane matokeo yakatoka. Binti wa mpishi kafaulu, baba yake siku hiyo hakupika, alikuwa anazunguka na ile karatasi darasa hadi darasa. Yule msichana kafaulu, tena kwenye kemia kawaacha mbali waliokuwa wanamcheka. Golikipa kafeli. Alitakiwa apate masomo matano, kapata manne. Asilimia tisini na nane na ushee.

Weee! Ungedhani shule imeungua. Mwenyekiti wa bodi alikuja mwenyewe, nikamkaribisha kiti akakataa. Bango likateremshwa siku hiyo hiyo. Wazazi walipiga simu mpaka karani wa mapokezi akapoteza sauti. Na sasa bodi imeandaa barua kwa wazazi wote, imechapwa tayari, kinachosubiriwa ni saini yangu tu: kwamba jina la kijana yule liliingia kwenye orodha kwa makosa ya kiofisi, na kwamba mkuu wa shule anaomba radhi. Nisaini kabla ya Alhamisi, la sivyo Alhamisi niingie kikaoni kukabidhi funguo.

Makosa ya kiofisi! Mtoto wa watu! Orodha ile niliiandika kwa mkono wangu, akili zangu timamu, miwani usoni. Leo niombe radhi kwa sababu mwanafunzi amekaa kwenye chumba cha mtihani? Thubutu!

Unajua golikipa alifanya nini alipopata matokeo yake? Alisimama mlangoni kwangu, kanuna, ile karatasi kaikunja ndogo kabisa. Nikajiandaa kumbembeleza. Akauliza, "Madam, kujiandikisha kwa marudio mwisho lini?" Nikamwambia mwisho wa mwezi wa kumi. Akasema sawa, akaenda zake mazoezini. Nililia, Dada, mlango wazi, karani ananiona. Kumbe kufeli ndiko huko tu? Hicho ndicho tulichokuwa tunawaficha watoto miaka yote, kwa chai na sauti laini?

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu leo. Kama umesimama, tafadhali kaa.

Binti yako hakuwa amechoka.

Miaka sita iliyopita nilikupigia simu nikakwambia mwanetu amezidiwa na masomo, kwamba mshauri wa wanafunzi amemwona na amependekeza apumzike mwaka mmoja kabla ya mtihani. Ukaniamini. Ukanishukuru, tena ukaniombea dua kwenye simu. Mshauri hakuwahi kumwona. Mtoto alikuwa mzima, ila aliyumba kwenye hesabu, na mwalimu wake aliniambia atapita kwa kubanana. Mimi sikutaka wa kubanana. Halafu alikuwa damu yangu, nikaogopa watu waseme mkuu anabeba ndugu zake. Mwaka ule kalamu nyekundu ilianza na yeye. Nilimkata wa kwanza ili nisisemwe. Yeye nilimwambia maneno yale yale niliyokwambia wewe, akaitikia, akafunga begi lake. Mwaka mmoja ukawa miwili, na unajua mwenyewe kwamba hakurudi tena darasani.

Desemba nilipokuja kwenu nilipita dukani kwake kutoa fotokopi ya kitambulisho. Kulikuwa na foleni ya vijana wanaoomba kazi. Anapokea cheti cha huyu, anakilaza kwenye mashine, anafunika, anabonyeza, anamrudishia, anapokea cha mwenzake. Aliponiona aliacha kila kitu. "Shikamoo mama mdogo, pita huku mbele." Mama mdogo! Nilishindwa hata kumtazama usoni. Nikasema nina haraka, nikaondoka bila fotokopi yenyewe. Ndiyo maana mwezi wa pili kalamu sikuishika. Usinisifu kwa hilo. Mkono ulikataa tu.

Kwa miaka tisa tumewatoa watoto kumi na wanne. Mimi nimepewa vikombe, Dada. Nimealikwa kuwahutubia wakuu wenzangu juu ya siri ya mafanikio ya shule yetu, nikasimama pale na suti yangu ya bluu nikawaambia siri ni nidhamu na upendo, wakapiga makofi. Alhamisi nitawaambia bodi siri yenyewe. Wawakilishi wa wazazi watakuwepo, nao wasikie. Nitasoma majina yote kumi na manne, na kila jina nitasema mimi ndiye niliyelikata na nilimdanganya nani. Wakitaka kunifukuza, wanifukuze nikishamaliza kusoma. Vitabu vyangu nimeshavifunga maboksi manne, na picha zao za vikombe nimewaachia ukutani.

Hata hivyo nimejua kwamba wewe na mwanao hampaswi kulisikia hili kwa watu. Ndiyo sababu barua hii nampa mwalimu wetu wa fizikia anayesafiri kuja huko kesho asubuhi, akukabidhi mkononi. Na jina la mwanao sitalitaja bila ruhusa yake. Akikataa, nipigie simu kabla ya Alhamisi, nitasema "mwanangu" nisonge mbele.

Uliniambia nijishushe. Kwa bodi sijishushi hata chembe. Kwako wewe nipo chini tangu Desemba, nilikosa tu mdomo wa kusema. Nilikudanganya, Dada. Nilimnyima mwanao mtihani wake na nikapokea shukrani zako juu yake. Nisamehe. Usiharakishe, kasirika kwanza, nitukane, najua ukiamua kutukana unavyoweza. Ila mbele yake usinitetee. Mpe barua hii aisome mwenyewe, yote.

Ndani ya bahasha kuna fomu ya kujiandikisha kwa mtihani wa Januari. Sikujaza kitu, hata jina. Ni mtu mzima wa miaka ishirini na minne, aijaze au aichane, ni juu yake. Akiijaza, walimu wa Jumamosi ninao, niwe na kazi au nisiwe nayo.

Nisalimie Shemeji na wale mapacha wa Kaka, waambie mtihani wa hesabu walioniandikia niliusahihisha na wote wawili wamenakiliana. Msalimie na Shangazi Kipaza, lakini tafadhali yeye asijue lolote kabla ya Alhamisi, akijua yeye bodi nayo imejua. Mungu awaweke, awape afya, na goti lako alinyooshe.

Binti yako usimpe salamu zangu. Wewe mpe barua na fomu. Salamu nitamletea mwenyewe Ijumaa, funguo niwe nazo au wamezichukua. Nitabisha hodi kwake, na asipofungua nitaomba radhi nikiwa pale pale nje.

Mdogo wako akupendaye kwa moyo wote,
Mbishi