Farasi wa Bi Rukia Hajui Kwenda Moja kwa Moja

Ijumaa, Kisauni. Mvua imekatika tangu alfajiri. Jua limetoka kama mtu aliyechelewa kazini, kali na bila salamu. Naandika nimekaa juu ya sanduku, maana kiti kimekwenda na maji. Juu yangu nusu ni makuti mapya, nusu ni mbingu.

Tufani ilipiga usiku wa kuamkia jana. Upepo ulitoka baharini ukavua mapaa ya bondeni, kisha mvua ikaingia ndani kumalizia. Kulipokucha, watu wa bondeni walikuwa wamekwisha panda Frere Town na watoto, magodoro na kuku. Wenyeji, Wakristo wa misheni, wakawafungulia shule.

Mimi nilikwenda kutafuta habari za gazeti. Hiyo ndiyo kazi yangu, na sikuwa na nia nyingine.

Nilimkuta Mama Eliza, mke wa mwalimu wa pale, amewasha moto wa mafiga uwanjani. Alikuwa amewaweka wanawake wawili wa Kiislamu wasimamie chakula, asije mtu akala na shaka. Sufuria zenyewe zilitoka msikitini. Hakuna mkubwa aliyeagiza lolote kati ya hayo. Nilitazama nikaona watu wote wa bondeni wamefika, isipokuwa mmoja.

Bi Rukia hakuwapo.

Bi Rukia ni mjane anayesindika mafuta ya ufuta kwa kinu cha kuzungushwa na mnyama. Ngamia wake alipokufa, alipata farasi mzee aliyeachwa na Mzungu mmoja aliyekwenda vitani. Watu walicheka mno, farasi kukamua ufuta! Wakampa jina la Bwana Mkubwa. Tangu hapo Bwana Mkubwa amezunguka kinu siku zote, amefungwa macho asishikwe na kizunguzungu. Bila yeye Bi Rukia hana mafuta, na bila mafuta hana chakula.

Tulishuka kumtafuta, mimi na Katana fundi wa kuezeka na wanaume wengine wachache. Tulimkuta amesimama ndani ya maji ya mapaja, ameshika kamba ya farasi. Nyumba haina paa, banda la kinu limelala. Na bahari ilikuwa ya bamvua, maji makubwa, nayo yalikuwa bado yanajaa.

"Toka, Bi Rukia, utakufa maji!" Katana alimpigia kelele.

"Sitoki, wallahi! Huyu akifa nitakamua ufuta kwa meno? Na meno yenyewe ndiyo haya!"

Akatuonyesha. Yalikuwa machache.

Tukavuta kamba. Farasi aliyatazama maji, akagoma. Bi Rukia akavua leso ya begani, akamfunga macho kama afanyavyo kinuni. Hapo farasi akaondoka mara moja. Alikwenda vizuri, kwa heshima zake, akapinda kushoto, akazunguka, akarudi pale pale alipoanzia.

Tukamvuta kulia, akasimama. Tukamwachia, akazunguka tena.

Maji yalikuwa yamemfika tumboni.

"Mzungu gani huyu asiyejua njia?" Katana akasema. Tulicheka sote, hata Bi Rukia, naye alikuwa akilia. Kisha Katana akaacha kucheka. "Basi na azunguke. Azunguke mpaka Frere Town."

Na ndivyo ilivyokuwa. Kila kichwa chake kilipoelekea kilimani, tulimnyoosha hatua chache kabla hajapinda. Kilipoelekea baharini, tulimziba kwa vifua ili apinde upesi. Kila duara lilisogea kidogo kuliko lililotangulia. Bi Rukia alikwenda ubavuni mwake akimwambia maneno yale ya kila siku, "Zunguka, Bwana, zunguka," kama kwamba kinu kipo na ufuta umo ndani.

Waliokuwa kilimani walidhani tumepata wazimu. Halafu wakaelewa, wakashuka. Mwalimu wa madrasa alikunja kanzu mpaka magotini, akashika upande mmoja. Mume wa Mama Eliza akashika wa pili, na miwani yake ikaenda na maji. Sikumsikia akiitaja.

Farasi alikanyaga nchi kavu kabla ya alasiri. Shamba lenye ua lilikuwa moja tu, nyuma ya nyumba ya Mama Eliza, kwenye muhogo wake. Akaingizwa humo, naye akaendelea kuzunguka.

"Mihogo yangu jamani!" Mama Eliza akalia. "Bwana Mkubwa amekuja kuchukua shamba tena?"

Watu walicheka kwa sauti ya chini, kama inavyochekwa mizaha ya namna hiyo.

Leo asubuhi nilivuka kwenda mjini kupeleka habari yangu. Mhariri alitaka zaidi mambo ya bandarini, kwa hiyo farasi amepata mistari miwili. Sina kinyongo. Niliporudi nilimkuta Katana na wenzake juu ya nyumba yangu, upande mmoja umekwisha ezekwa. Sikuwa nimemwomba mtu. Makuti waliyasuka wanawake wa shuleni, wale wale wasio na mapaa yao wenyewe.

Nilimuuliza Katana nitawalipa nini.

"Huu ni mweria, bwana mwandishi. Watu wanakusanyika, kazi inakwisha. Wewe chemsha chai."

Nilichemsha. Sukari sikuipata. Walikunywa hivyo hivyo, wakanisema.

Nimekwisha andika habari za moto, za meli na za watu waliopotea. Mara nyingi niliandika nani alikosea. Jana na leo sikupata wa kumwandika hivyo, na nashukuru.

Alasiri nilikwenda kumtazama farasi. Bi Rukia alikuwa amemfungua macho na kumwachia kamba. Hakuna aliyemshika, wala kinu hakipo. Alikuwa anazunguka peke yake, kushoto. Muhogo umekwisha, na pale palipokuwa na matuta sasa pana duara la udongo uliokanyagika ukawa sakafu. Mama Eliza alikuwa amesimama kando, mikono kiunoni, Bi Rukia nyuma yake ameinamisha kichwa kwa haya.

"Bi Rukia!"

"Abee."

"Mahali pameshatengenezwa hapa. Hicho kinu si kije kisimikwe papa hapa?"

Bi Rukia alijifuta uso kwa ncha ya leso ile ile.

"Mafuta ya kwanza yangu," Mama Eliza akaongeza. "Nadai muhogo."

"Ya kwanza na ya pili, inshallah."

Kinu kimelala topeni bondeni, na ni gogo zito. Maji yatatoka kesho asubuhi. Katana ameniambia nije na kamba, kalamu niiache nyumbani.