Magadi kwenye Sukuma za Bibi

Kaloleni, Voi
Jumatatu, 14 Oktoba 2024

Mpendwa Shangazi Khairat,

Assalaamu alaikum. U hali gani huko Doha? Mgongo umepoa? Na kazi, wanakupumzisha kidogo? Sisi huku ni wazima, alhamdulillahi, ila maji ya mfereji hatujayaona wiki ya pili sasa. Bibi amepasuliwa jicho Mombasa salama. Anarudi kesho kutwa, na wanasema anaona mpaka tundu la sindano.

Hapo ndipo taabu yangu ilipo.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu mama huwa kando yangu, na wajua mimi sauti hunikwama. Zubair, aliye likizo huku, atakuletea akirudi kazini huko Alhamisi. Tafadhali usimsomee mtu.

Bibi alipoondoka aliniachia bustani yake ya nyuma, ile mistari minne ya sukuma wiki. Aliniambia, "Nasiha, nikirudi nataka kuziona kwa macho, nimechoka kuzipapasa."

Wiki hiyo hiyo wakaingia vidudu vya kijani, wamejazana chini ya majani kama ufuta. Nikatafuta kwa simu, nikapata dawa ya kujitengenezea nyumbani, imeandikwa kwa Kiingereza: maganda ya vitunguu, saumu na pilipili, uchemshe, uchuje, utie sabuni ya maji kidogo na kijiko cha soda. Mimi ndiye ninayewasomea watu barua za Kiingereza hapa mtaani, sikujiuliza mara mbili. Soda si ni magadi soda? Nikatwanga bonge zima la magadi ya mama ya kuivishia maharagwe, nikatia yote, maana vidudu walikuwa wengi. Nikanyunyiza saa saba mchana, na jua la Voi unalijua.

Kumbe ni ile soda ya kuumulia keki. Nimekuja kuisoma vizuri baadaye. Kesho yake majani yalikuwa yamebabuka, ukiyashika yanavunjika. Vidudu wamekufa, na sukuma pia.

Mama akayanusa majani, akasikia sabuni. Moja kwa moja hadi uani kwa Mama Donald, jirani yetu, kwa vile yeye hufulia upande ule.

"Jedidah, mboga za mama mkwe wangu ndizo umeona shimo la kumwaga povu?"

"Povu gani, Mama Nasiha? Mwezi huu nafua kwa maji ya ndoo moja, na hayo hayo naogea! Nitoe wapi ya kumwagia sukuma zenu zenye mchanga?"

"Haya, basi zimejiosha zenyewe."

Mimi nilikuwa mlangoni, chujio mkononi. Nikalificha nyuma ya mgongo, nikarudi jikoni.

Sasa hawasalimiani. Mama Donald ndiye aliyekuwa akitugawia maji ya tangi lake. Amelitia kufuli, nasi tunakwenda kuyatafuta mbali kwa mkokoteni. Jana nilikutana naye njiani, akaniambia, "Hujambo mwanangu," vilevile kama zamani. Heri angenitukana. Kila asubuhi najaribu kumwambia mama, nafungua mdomo, najikuta naomba sukari.

Bibi akifika atalilia mboga zake, halafu atamchukia Mama Donald, rafiki yake wa miaka ishirini, kwa kosa langu. Nimeapa nitasema kabla hajashuka garini. Lakini najijua.

Kwa hivyo nakuomba hivi. Ukishaisoma hii, piga simu nyumbani, umuulize mama kama anaongea na Mama Donald. Akikwambia hapana, ujue nimeshindwa. Usinionee huruma. Mpigie Mama Donald umwambie ni mimi. Namba yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii.

Nisalimie Ami Miraj na mdogo wangu Ridha hapo kwako. Baba anakusalimu, na mama pia, ingawa hajui ninayoyaandika. Mola akuhifadhi ugenini na akurudishe kwetu na afya yako.

Wako akupendaye, hata ukinikasirikia,
Nasiha