Nungwi Tuiache

Nalufenya, Jinja
3 Juni 2025

Kwako mke mwenzangu Nanyama,

Pokea salamu nyingi kutoka huku. Natumaini kifua chako kimetulia na baridi ya Mbale haikusumbui. Mimi ni mzima, isipokuwa goti.

Najua hukutarajia barua yangu. Tangu tulipomzika mume wetu Makokha kwao Bungoma mwaka juzi, hatujaongea mimi na wewe, na kwenye simu naogopa tutakatizana maneno. Basi naandika, tena kwa Kiswahili chake, maana Kisoga changu hukijui na Kigisu chako kilinishinda. Odero, dereva wa basi la Mbale, atakuletea.

Binti yetu Daphine amekwambia habari ya safari. Ametukatia tiketi sote wawili twende Unguja mwezi wa nane, tupumzike. Nilipomuuliza tutatembelea wapi, akasema, "Kisiwa kina miji mingi na siku ni chache. Chagueni miwili, mkubaliane wenyewe. Mimi siwachagulii."

Mimi nataka Mji Mkongwe, nione zile nyumba za mawe, halafu Nungwi, kaskazini kabisa, kwenye hoteli anayopikia Daphine. Nataka kuliona jiko lake na watu anaofanya nao kazi. Wewe unasemaje?

Dada yako,
Nabirye


Namatala, Mbale
11 Juni 2025

Dada Nabirye,

Nimepokea salamu zako, nami nakurudishia zaidi. Kifua hakijambo, Mungu amesaidia. Pole na goti. Huku mvua imezidi, na nguo zangu za mitumba nazitandika dakika chache tu kabla ya kuzifunika tena.

Mji Mkongwe nakubali. Lakini Nungwi tuiache. Twende Makunduchi, kusini, nasikia pametulia. Au Jambiani. Ukitaka mbali zaidi, tuvuke Pemba, tufike Wete. Popote utakapopenda kati ya hapo.

Mdogo wako,
Nanyama


Nalufenya, Jinja
15 Juni 2025

Nanyama,

Hujambo? Huku tuko salama.

Nimemuuliza Daphine. Makunduchi ni mwisho mwingine wa kisiwa, na mwezi wa nane hoteli inajaa wageni, hapati ruhusa ya kulala nje. Tukikaa kusini tutamwona siku ya kufika na siku ya kuondoka. Sasa tutavuka maji yote yale tukakae mbali na mtoto?

Kama usiyemtaka ni mimi, sema. Sitakasirika.

Nabirye


Namatala, Mbale
20 Julai 2025

Dada yangu,

Salamu, na pole kwa kungoja mwezi mzima. Niliandika mara mbili nikachana.

Si wewe. Unakumbuka nilivyolazwa na kifua kikuu, Daphine akiwa bado ananyonya. Mzee akamleta kwako, ukamlea, akaishi. Hilo sijalisahau hata siku moja. Nilipopona nikaja hapo Nalufenya kumchukua. Nilipompakata alilia akikunyooshea wewe mikono, mpaka nikamrudisha mgongoni pako mwenyewe. Nikasema nitakuja tena akinizoea. Kisha ikawa shule. Wewe akakuita Mama, mimi Mama Mdogo. Sikulalamika, na leo silalamiki.

Lakini kwenye mazishi, watu wa Bungoma wasiotujua walipouliza sisi ni nani, Daphine aliwaambia, "Huyu ni mama, na huyu ni mama mdogo." Nilikuwa nimesimama kwenye kaburi la mume wangu. Huko Nungwi atatusimamisha mbele ya wenzake wa jikoni, aseme vilevile. Watu wa Mbale nimewazoea. Mbele ya wageni, dada, sitaweza. Makunduchi hakuna anayemjua.

Ndiyo sababu. Kama haikufai, nenda wewe, mimi nibaki.

Mdogo wako,
Nanyama


Nalufenya, Jinja
27 Julai 2025

Mdogo wangu,

Umeamkaje, na kifua? Barua yako niliisomea dukani. Wateja walikuja wakaondoka, sikumbuki nani alitaka nini.

Tulifanya tulichoweza, wewe na mimi. Ila ujue na hili: kila ulipokuja kumtembelea, mimi usingizi sikuupata. Niliogopa kwamba safari hii atataka kuondoka nawe.

Tutakwenda hivi. Ndege itatushusha pamoja. Wewe utapanda gari na Daphine mpitilize Nungwi. Mimi nitabaki Mji Mkongwe. Nitamwambia mtoto ni goti. Zaidi ya hapo sitamwambia neno, wala sitamfundisha la kusema. Atakalosema litoke kwake.

Dada yako,
Nabirye


Nungwi, Unguja
14 Agosti 2025

Dada yangu,

Umelalaje huko mjini, na chakula chao kinakukubali? Dereva wa hoteli anakuja sokoni kununua mboga, nampa karatasi hii.

Jana, kabla hata sijakaa, Daphine alinishika mkono akaniingiza jikoni. Wapishi wakaweka visu chini. Akasema, "Huyu ndiye mama yangu mzazi. Ametoka Mbale." Wakaniamkia mmoja mmoja. Neno hilo nimelingojea tangu alipokuwa mchanga, na lilipokuja nilishindwa kuitikia shikamoo zao vizuri.

Mmoja akamuuliza, "Na yule wa Jinja uliyetuambia habari zake?"

Nikamjibu mimi. Nikamwambia yuko mjini, na kwamba yeye ndiye aliyemlea Daphine.

Alasiri tuliketi nje, mimi na Daphine tu. Akanimiminia chai, akauliza, "Mama Mdogo, nikuongezee sukari?" Hakujua amesema nini. Nikangoja moyo wangu uniume kama ulivyozoea. Haukuuma. Lile la jikoni alilisema kwa ajili yangu, na nilimshukuru. Hili lilimtoka lenyewe, kama linavyomtoka tangu alipojifunza kusema. Nikaitika, nikasogeza kikombe.

Siku zimebaki mbili. Gari hilo la hoteli linarudi huku saa nane mchana. Panda uje, dada. Wenzake wanakuuliza, nami nataka kuwaonyesha mama yake.

Mdogo wako,
Nanyama