Pole Isiyo na Kazi

Chumba cha nyuma, ghorofa ya pili
Jumapili, mvua haijakatika

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Kabla hata sijakujulia hali, nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu: huwa naongea na kabati. Nasimama mbele yake nasema, "Pole na kazi, Baba," mpaka itoke vizuri. Usicheke.

Mgongo wako vipi? Na baridi ya huko? Mimi mzima, kikohozi kimepungua.

Ulipoolewa uliondoka na maneno yote ya nyumba hii. Wewe ndiye uliyempokea Baba mlangoni ukimtania, "Dobi wa hospitali, leo umekunja mashuka au yamekukunja wewe?" Siku hizi anavua viatu polepole, kama mtu anayesubiri kitu, halafu anapita chumbani. Mimi nipo palepale na vitabu vyangu, ulimi mzito.

Shuleni tuliambiwa tutafsiri salamu za nyumbani kwa Kiingereza. "Pole na kazi" ilinishinda. Ile lugha nyingine ina pole ya msiba na ya kumkanyaga mtu. Ya kazi haina. Sisi tunayo, nami namnyima.

Jumanne nikajikaza. Alipofungua mlango nikasema, "Pole, Baba," yaliyobaki hayakutoka. Akaganda, kiatu mkononi.

"Nani amekufa?"

"Hakuna."

"Niambie tu, mwanangu. Mimi mtu mzima."

Nikakimbilia chumbani. Akawapigia ndugu simu mmoja mmoja, kuhakikisha wako hai. Ndiyo ile simu iliyokushangaza.

Tangu hapo hatusemeshani. Jana nilimsikia akimwambia jirani kwamba hospitali ina vyumba vya wafanyakazi, mwisho wa mwezi anahamia huko. "Humu ndani hakuna anayejua kama nimerudi," alisema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo linaloniuma. Nitabaki na Bibi, na masikio yake mazito unayajua.

Shangazi, mpigie. Mwambie pole yangu haikuwa ya msiba.

Nisalimie mumeo, na mwanenu Kijiko, ale ashibe. Mungu akupe mgongo mwepesi na watu wa kukupokea mlangoni.

Akupendaye ila hajui kusema,
Mtoto wa kaka yako

Tena: nasikia nyayo zake. Haziendi chumbani kwake, zinakuja huku kwangu. Amesimama nje ya mlango, anakohoa kama mtu anayetafuta neno. Ngoja niifiche hii karatasi.