Mpishi wa Mtito Andei

Mtito Andei, Agosti 1976

Kwako Nzilani, mjukuu wangu na mke wangu mdogo,

Mimi ni mzima, isipokuwa meno, ambayo yalishanitoroka yote. Nilimwambia baba yako naenda Mutomo kuangalia mbuzi. Uongo mtupu. Nimekuja kumwona huyo Kiilu anayetaka kuninyang'anya wewe. Baba yako amekataa kabisa, eti mwanamume wa kukanda chapati kwenye hoteli ya Mhindi si mwanamume.

Niliketi bila kutaja jina. Nikamwambia Mhindi, "Lete mbuzi wa kuchoma, mwenye mifupa."

"Mzee, hapa hatupiki nyama."

"Basi chapati, na iwe ngumu." Nilitaka nipate sababu ya kumtukana mpishi.

Akatoka jikoni Kiilu mwenyewe na sahani ya kichri, mchele na dengu zilizopikwa mpaka zikalainika kama uji.

"Sikuagiza hii," nikasema.

"Najua, Babu. Lakini Nzilani aliniambia babu yake hana meno, na kwamba siku moja atakuja kunichokoza."

Matusi nilikuwa nayo, lakini mdomo ulikuwa umeshajaa.

Sasa sikiliza. Jumapili tukitoka kanisani nitamkalisha baba yako chini, na hatainuka mpaka akubali. Mimi ndiye niliyemzaa, kelele zake nazijua tangu akiwa na nepi.

Na wewe nimekupa talaka. Nenda kwa anayejua kupika.

Mimi niliyekuwa mume wako,
Nzuki