Mwanamume Anayemwamkia Karani

Wala sikulia kwa huzuni siku ya arusi yangu, Baba, hata kama shangazi wote walinizunguka na leso zao wakinipapasa mgongo. Nililia kwa sababu Wafula alikuja kanisani na suti ya kuazima, mikono ya koti imeishia karibu na viwiko, na bado nilimwona mzuri kuliko wanaume wote wa Voi na Mwanda ukiwaweka pamoja. Nilitaka ulijue hilo kwanza. Sasa nikuambie habari za mbwa wako.

Unakumbuka ulivyoniambia pale hospitalini, umeshika kidole changu kimoja tu kwa sababu nguvu ya kushika mkono mzima haikuwepo. "Wakesho, Karani utakaa naye wewe. Kaka yako ni mtu wa kamba." Nami nikaitikia. Na kweli, wiki haikuisha tangu tukuzike, Kaka akamfunga kwenye ule mpera nyuma ya jiko. Si kwa ubaya, unamjua, anaogopa kuku wa majirani wataliwa. Lakini kila nilipopanda nyumbani nilimkuta Karani amezunguka mti mpaka kamba imeisha, shingo imebana, anatazama njia uliyokuwa ukishukia dukani. Nikajiapia kwamba siku nitakayopata mlango wangu mwenyewe, huyu atalala nyuma ya huo mlango.

Basi nilikuja kwa mume wangu na sanduku moja, cherehani, sufuria nne na mbwa. Mama mkwe alipomwona Karani anashuka kwenye gari alishika kiuno. "Haya, kwetu Bungoma bibi arusi huja na kuku!" Akacheka mpaka akakaa chini. Ni mama mzuri, Baba. Ungempenda.

Tunakaa vyumba viwili kwenye ploti ya milango sita, hapa Voi. Jua lake unalijua. Karani alichimba shimo chini ya tangi la maji, mahali panapovuja kidogo, na hapo ndipo ofisi yake. Wafula anaoka mikate. Huondoka jioni na kurudi asubuhi, nywele zina unga kama mzee wa miaka tisini, na chini ya shati ameficha mkate wa moto aliopewa. Tunakunywa chai mlangoni, miguu yetu imegusana, kisha mimi naenda kushona kule sokoni na yeye analala. Akiamka anachota maji, anapeleka mahindi kusagwa, anamwagilia sukuma zake. Amezipanda kwenye magunia manane kando ya ukuta na kila gunia amelipa jina! Lile lenye majani mapana kuliko yote linaitwa Wakesho. Niambie, Baba, ni mwanamke gani mwingine mjini hapa ameitwa gunia la sukuma na akaona raha hivi?

Tatizo lilikuwa hapo kwenye mchana. Mimi sipo, yeye yupo, na Karani hamsikii.

Hamsikii hata kidogo. Wafula alikuwa akisimama uani na kuita, "Karani, kuja! Kuja hapa!" Mbwa anamtazama kama anavyotazama watalii wakipita na magari yao, kisha anaenda zake. Akijaribu Kiingereza ndiyo mbaya zaidi, Karani anapiga miayo. Na Wafula naye aliumwa na mbwa akiwa mtoto, ana alama kwenye paja. Alikuwa akiita huku amesimama upande mmoja, tayari kukimbia. Nilimwonea huruma. Lakini hakuwahi kuniambia nimrudishe. Hata mara moja.

Aliyesema ni mama mwenye ploti. Karani alitoka langoni akawafukuza mbuzi wa watu mpaka barabarani, lori likapiga breki, dereva akatukana ploti nzima. Jioni ile mama huyo akaja na mwavuli wake. "Wakesho, mimi sina neno na mbwa. Lakini mbwa asiyeitika ni mbwa wa barabarani. Jumamosi nakuja. Mumeo amwite, wewe ukiwa umefunga mdomo. Asipoitika, arudi kwenu milimani."

Kwenu milimani maana yake ni kamba, Baba. Ni ule mpera. Sikulala vizuri wiki ile. Nilikaa na uzi wangu nikifuma kitambaa cha kiti, nikakosea, nikafumua, nikakosea tena palepale. Nilijiona nimekuitikia bure, mgonjwa wa watu, ili ufe ukidhani jambo limekwisha.

Wafula alinibusu kwenye paji la uso akaniachia unga. Kesho yake alienda kwa Mama Mghoi, yule anayeuza nyanya langoni kwetu, Mdawida wa kwetu kabisa, akavuta ndoo akaikalia. Alijua kwamba wewe ulikuwa ukisema na Karani kwa Kidawida chetu tu. Nilimwambia siku moja kama kichekesho: ulikuwa ukisema mbwa hana haja ya lugha tatu, si karani wa serikali huyo, ni karani wa nyumbani. Sasa fikiria. Babu yake Wafula alikuja hapa kukata mkonge. Baba yake kazaliwa hapa, yeye mwenyewe kazaliwa hapa, miaka yote wamekaa katikati yetu na Kidawida hajui zaidi ya kuulizia bei ya ndizi. Aliona aibu, aliniambia. Akasema, "Mama, nifundishe kumwita mbwa aje."

Mama Mghoi akakataa! "Utaanzaje na amri? Sisi hatuanzi na amri. Kwanza unaamkia." Akamfundisha salamu ya asubuhi, ndefu, ile tunayowapa wazee. Kwawuka, halafu umelalaje, halafu watu wa nyumbani, halafu ng'ombe, halafu mvua. Kila siku akitoka kazini alikuwa akiongezewa kipande, macho mekundu ya usingizi, akilipa karo kwa mkate.

Mimi sikujua. Nilikuja kujua asubuhi ya Alhamisi nikitoka na beseni. Mume wangu amechuchumaa mbele ya tangi la maji, ameshika magoti kwa heshima, anamwuliza mbwa habari za ng'ombe. Majirani kwenye mfereji wamejikunja kwa kicheko. "Shemeji, mwulize pia kama ameshachanjwa!" Naye haangalii pembeni, anaendelea, analitamka vibaya kila neno, na jasho linamtoka kwa sababu yuko karibu na meno.

Na mkia wa Karani unatembea.

Baba, nilikaa chini na beseni langu. Ndipo nilipokumbuka. Wewe ulikuwa ukimwamkia. Kila asubuhi, kabla ya Kaka, kabla yangu, kabla hujanawa uso, ulikuwa ukifungua mlango na kumwamkia yule mbwa kama mtu mzima mwenzako, polepole, habari zote, kisha ndipo mnakwenda dukani. Nililala chumba cha karibu na mlango ule na nilisikia hayo miaka yote, mpaka nikaacha kuyasikia. Ndiyo sababu sikumwambia Wafula. Tangu uondoke hakuna aliyemwamkia. Mimi nilimwita tu, akaja, kwa sababu ni mimi. Kaka alimfunga. Na huyu mwanamume mwenye kovu kwenye paja, asiyekujua ila kwa sauti yako mara moja kwenye simu, ndiye aliyempa haki yake.

Jumamosi mwenye ploti alifika saa nne. Nilifunga mdomo na viganja viwili, ukitaka kunicheka nicheke. Karani alikuwa amesimama langoni, na kana kwamba wamepanga, mbuzi walewale wakapita. Akatoka. Nikaona basi, imekwisha.

Wafula alitoka ndani na shuka kiunoni, alikuwa amepata usingizi wa saa moja tu. Hakukimbia. Hakupiga kelele. Alisimama langoni akaanza salamu kwa sauti ya kawaida, tangu mwanzo, Kwawuka, umelalaje, watu wa nyumbani. Alipofika kwa ng'ombe Karani alikuwa amesimama katikati ya njia, sikio moja juu. Kwenye mvua akageuka. Akarudi akitembea, hana haraka, kama mtu aliyeitwa kwa heshima na anajua thamani yake, akaketi juu ya miguu ya mume wangu. Na Wafula akainama akaweka mkono kichwani kwake. Mara ya kwanza.

Mwenye ploti akasema, "Yaani huyu kijana anaamkia mbwa?"

Mama Mghoi, bila kuacha kupanga nyanya zake: "Wewe uliamkiwa lini mara ya mwisho?"

Nusura nife. Mwenye ploti akacheka mpaka mwavuli ukaanguka. Akasema mbwa akae, lakini lango liwe linafungwa. Tumelifunga. Wafula ameweka komeo jipya, mimi nimeshamaliza kitambaa cha kiti, na Karani huenda naye kusagisha kila Jumatano bila kamba. Watu wanawapisha njia.

Mimi najivuna, Baba, sitakuficha. Najivuna nikiwa sokoni, najivuna nikipiga cherehani. Ulinilea ukinisihi nitafute mtu asiye na haraka. Nimempata, na unga wake.

Pumzika bila wasiwasi kuhusu kamba. Karani atazeekea kwangu, na mifupa yake nitaizika kwa mikono yangu. Kuna pikapu inayoshusha mboga kutoka huko juu na kurudi tupu, na dereva amekubali kutubeba sote watatu, mradi mbwa ashikwe na Wafula. Nimemnunulia mume wangu sweta, maana baridi ya Mwanda haijui. Tutakuja kung'oa majani kwenye kaburi lako na kukaa nawe mchana mzima. Kabla mwezi huu haujaisha, Baba, utatuona tukipanda.

Binti yako,
Wakesho