Picha za Arusi ya Mastura

Shela, Malindi
9 Februari 1985

Kaka Abdillahi,

Shikamoo. Mama na mimi na Mastura tu wazima, ila goti la Mama lamsumbua akisimama kuswali. Twataraji nawe huko Dubai afya i nawe.

Kaka, Mastura ameposwa. Mdogo wetu uliyemwacha hajaanza chuo cha Kurani aolewa Mambrui baada ya Idi. Mpiga picha wa hapa mjini ni mwanamume, na Mama amesema jicho la mwanamume halitaingia kwa wanawake siku ya kupamba bibi arusi. Nikamwambia, "Basi nitapiga mimi." Akacheka, lakini hakukataa.

Nitafutie kamera. Rafiki yangu Kasiva, muuguzi anayekaa Muyeye, anayo moja ndogo ya plastiki. Watu wakitoka pichani hawana nyuso, na taa yake yala betri bila huruma. Mimi nataka itakayokuonyesha Mastura alivyo. Wajua Mama hakuturuhusu kupigwa picha utotoni, kwa hivyo hizi ni zako kwanza, umwone alivyokua.

Nduguyo mdogo,
Kaltuma


Dubai
30 Machi 1985

Ndugu yangu Kaltuma,

Marahaba. Mimi mzima, kazi tu. Mpe Mama pole ya goti. Arusini sitakuja, tajiri wangu wa kazini ameishika pasipoti yangu hadi mkataba uishe.

Kamera nimeizungukia maduka mengi. Kuna ndogo ambazo filamu yake yaja ndani ya kibweta, wapachika tu, lakini picha ikikuzwa yawa ukungu. Kuna kubwa za lenzi ya kubadilisha, hizo zataka fundi. Nimekuchukulia ya katikati, yenye taa yake mwenyewe. Yatumia betri mbili ndogo. Usichanganye mpya na kuukuu, na ukimaliza kazi zitoe, hewa ya chumvi ya kwetu itazivujisha. Filamu iweke mbali na jua na jiko. Usifungue mgongo wa kamera kabla hujairudisha filamu yote, mwanga utaiunguza.

Abdalla, mtoto wa ami aliye baharia, atakuletea kamera meli yao ikifika Mombasa. Mwambie Mastura aitazame kamera kama anitazamaye mimi.

Kakako,
Abdillahi


Shela, Malindi
2 Julai 1985

Kaka Abdillahi,

Shikamoo. Twamshukuru Mungu, arusi imepita salama. Mama amelala siku nzima.

Laiti ungalimwona mdogo wako. Hina hadi viwikoni, kikuba, kile kishada cha asumini, kifuani, na macho ameyainamisha kama alivyofundishwa na somo wake, mama aliyemfunda. Nilipomwambia, "Kaka yako yumo humu ndani," aliinua uso akaitazama kamera sawasawa. Mashangazi wakanung'unika. Nikapiga. Katikati taa ikagoma kuwaka, Kasiva akakimbilia betri za redio ya ndani, tukaendelea hadi namba za kamera zikafika mwisho.

Sikumpa mtu wa mjini aisafishe. Mle wanawake wamo vichwa wazi, walijiachia kwa kuniamini. Nampa Abdalla akuletee, uisimamie kwa mkono wako.

Nduguyo mdogo,
Kaltuma


Dubai
14 Septemba 1985

Ndugu yangu Kaltuma,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama. Afya yangu njema.

Nimekawia kuandika kwa kukosa namna ya kuandika. Nilipata duka linaloendeshwa na mume na mke, mke ndiye aliyeisafisha. Alitoka nayo akaiinua kwenye taa. Nyeupe, Kaltuma, mwanzo hadi mwisho. Haikuungua. Ncha yake haikushika meno ya kigurudumu, kwa hivyo wewe ulikuwa wapiga, nayo imekaa pale pale. Mimi pia sikujua hayo. Mama yule wa dukani ndiye aliyenionyesha. Filamu ikishika, kile kishikio cha kuirudishia huzunguka kila unapovuta. Kisipozunguka, hakuna kitu.

Nakutumia filamu nyingine mbili. Usilie. Mvishe tena, mkalishe, umpige upya. Sitajua kama ni siku nyingine.

Kakako,
Abdillahi


Shela, Malindi
5 Desemba 1985

Kaka Abdillahi,

Shikamoo. Filamu zimefika, nasi hatujambo.

Nililia, kisha nikavuka mto Sabaki kwenda Mambrui kumwambia mwenyewe. Nilimkuta akipeta mchele. Akasema, "Basi Kaka amekosa bahati." Kaka, ana mimba. Uso umemvimba, na nguo ya arusi haimwingii. Nilimwomba nimpige vivyo hivyo alivyo, akaficha uso kwa ungo. "Nikishajifungua, Da Kaltuma. Kaka asinione hivi."

Ningaliweza kumlazimisha. Sikupenda.

Nduguyo mdogo,
Kaltuma


Dubai
12 Aprili 1986

Ndugu yangu Kaltuma,

Salamu zangu kwa wote. Siku nyingi sijapata barua, nami najituliza kwamba mtoto ndiye aliyewashughulisha. Nimenunua albamu. Ukurasa wa kwanza nimeuacha kwa mama, wa pili kwa mwana. Niandikie ni mume au mke.

Kakako,
Abdillahi


Shela, Malindi
28 Aprili 1986

Kaka Abdillahi,

Keti kwanza. Mastura ametutoka. Alijifungua jioni, damu ikakataa kusimama, na gari lililomchukua halikuwahi hospitali. Mtoto ni mwanamke, mzima, yuko kwetu. Barua yako ilinikuta nimeanza hii mara kadhaa nikaichana.

Alipokwisha koshwa, Mama alinishika mkono. Mama yule yule aliyetukataza picha. Akasema, "Lete kamera, mwanangu, kakako hajamwona." Nikamwambia siwezi. Sikutaka umwone mara ya kwanza ukubwani macho yamefumba. Mama aliniachia mkono, na hadi leo hatujalizungumza. Kama nimekudhulumu, unisamehe.

Nitakwambia mimi alivyokuwa. Alikuwa mrefu kunishinda, kichwa chake hugusa khanga zilizoanikwa uani. Weusi wa Baba, nyusi za Mama. Kidevuni ana kovu, alianguka kisimani akinifukuza. Alikuwa akitembea upesi, na akicheka hukunja pua kwanza, sauti hufuata baadaye. Alikuwa akiandika kwa mkono wa kushoto ijapokuwa walimpiga chuoni. Jina lako alilitaja kana kwamba u chumba cha pili.

Binti yake bado hajafanana na mtu. Kila asubuhi namtoa uani penye mwanga, namtazama.

Nduguyo,
Kaltuma